SOMO LA KIKUNDI: FOLENI YA MAGARI, NANI ANAILIPIA?



Somo hili ni la madereva, makondakta, watu wa bodaboda, wafanyakazi wa hoteli, na kila mtu anayekwenda kazini kwa gari la abiria. Mmoja wenu alisome kwa sauti, na wengine wasikilize. Mkimaliza kila sehemu, simameni kidogo mzungumze. Maswali yako mwisho wa somo.

Watu wanapokwama njiani husema, "Barabara ni ndogo," kisha wananyamaza, kama vile wanavyonyamazia mvua. Lakini foleni si mvua. Foleni ina sababu zinazojulikana, na kila saa inayopotea ndani yake hulipiwa na mtu fulani. Leo tunataka kumjua mtu huyo ni nani.

Kwa mfano wetu tumechagua barabara ya pwani ya Kenya, kutoka Mombasa kwenda Malindi. Wengi wetu hapa Uganda tunaijua Mombasa kwa sababu ya mizigo ya bandarini. Tunatoka pale moja kwa moja kuelekea Nairobi na Malaba, wala hatugeuki upande wa kaskazini. Lakini barabara ile ya kaskazini ni mwalimu mzuri, maana mambo yake yanaonekana wazi. Tukiielewa ile, tutazielewa na zetu.

1. BARABARA YENYEWE

Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kilomita 120 hivi. Ukitoka kisiwani unavuka Daraja la Nyali, unapita karibu na soko kubwa la Kongowea, halafu Bamburi na Shanzu kwenye hoteli za ufukweni, halafu mji wa Mtwapa. Mbele yako ni Kikambala, mashamba ya mkonge ya Vipingo, na mji wa Kilifi. Kisha unapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, unafika Gede penye njia ya kwenda Watamu, na mwisho ni Malindi. Upande wa kulia una bahari karibu safari nzima.

Tazameni sasa jinsi nchi ilivyo. Bahari inaingia bara mara tatu kwa hori: hori la Tudor, hori la Mtwapa na hori la Kilifi. Mahali pa kuvukia kila hori ni pamoja. Pale Nyali daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea. Pale Kilifi watu walivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Iko njia nyingine inayozunguka bara kwa Mazeras na Kaloleni na kutokea Mavueni, karibu na Kilifi, lakini haimfai mtu anayekaa Mtwapa na kufanya kazi Bamburi. Huyo ana barabara moja tu.

Barabara hiyo moja inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, ni njia kuu ya magari ya mbali: mabasi ya Malindi na Lamu, malori ya saruji, malori ya vyakula, magari ya watalii. Pili, ni barabara ya mjini: matatu, tuktuk na bodaboda zinasimama, zinageuka, zinapakia. Tatu, ni soko: wachuuzi wa matunda, samaki, nguo na mahamri wako kando yake, na wanunuzi wanavuka huku na huku. Kila kazi peke yake ni halali. Zikiwekwa zote juu ya lami ile ile, mambo yanakwama.

2. KWA NINI FOLENI HAIISHI UPESI

Dereva huuliza: "Ajali iliondolewa saa moja, mbona mpaka saa mbili bado tumekaa?" Jibu lake ni hesabu ndogo, na ni vizuri kila mwanachama aijue.

Tuseme katika dakika 10 yanafika magari 200 mahali pembamba mjini, lakini mahali pale panaweza kupitisha 180 tu. Yanabaki 20. Dakika 10 nyingine yanabaki 40. Ikipita saa nzima, yamejipanga magari 120. Sasa watu wengi wamekwisha kufika kazini, na magari yanayofika yamepungua kuwa 160 kila dakika 10. Mahali pale panapitisha 180 kama kwanza. Basi kila dakika 10 foleni inapungua kwa magari 20. Itahitaji saa nzima nyingine kumaliza yale 120.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kosa dogo linazaa foleni kubwa. Magari 20 ya ziada si mengi. Lakini matatu moja ikisimama katikati ya njia kupakia, au lori likingoja kugeuka kulia kukata mkondo wa magari yanayokuja, tofauti hiyo ya 20 inatokea upesi sana. La pili, dawa ndogo nayo ina nguvu. Ukiweza kupitisha magari 200 badala ya 180, kwa kuondoa tu kituo cha matatu kwenye njia ya magari, foleni ile haianzi kabisa.

Pwani kuna jambo jingine, nalo ni msimu. Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti, wageni wanashuka pwani kwa wingi. Tangu treni mpya ya abiria kutoka Nairobi ilipoanza mwaka 2017, wageni wa ndani ya nchi wanafika Mombasa kwa urahisi zaidi, kisha wanapanda magari kwenda hoteli za kaskazini. Msimu huo huo ndio hoteli zinapohitaji wafanyakazi wengi zaidi, mboga zaidi, samaki zaidi na vinywaji zaidi. Wote hao, mgeni, mpishi na nyanya, wanapita njia moja.

3. HESABU YA SIKU MOJA NDANI YA MATATU

Sasa tunafika kwenye moyo wa somo. Tufanye hesabu ya matatu inayokwenda na kurudi kati ya Mombasa na Mtwapa. Takwimu hizi tumezitunga kwa ajili ya kujifunza. Kikundi chenu mweke zenu za kweli.

Dereva na kondakta wanafanya kazi saa 12. Kila siku wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, shilingi za Kenya 4,000. Hiyo ndiyo huitwa hesabu. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chao. Kila mzunguko unaingiza nauli ya shilingi 1,600.

Siku isiyo na foleni mzunguko mmoja unachukua dakika 90. Kwa saa 12 ni mizunguko 8. Mapato ni shilingi 12,800. Mafuta ni shilingi 600 kwa mzunguko, jumla 4,800. Toa hesabu ya tajiri 4,000. Zinabaki shilingi 4,000, yaani kila mmoja anapata 2,000.

Siku ya foleni mzunguko mmoja unachukua dakika 120. Kwa saa zile zile 12 ni mizunguko 6. Mapato ni shilingi 9,600. Mafuta sasa ni shilingi 700 kwa mzunguko, maana injini inanguruma gari limesimama. Jumla ni 4,200. Toa hesabu ya tajiri 4,000. Zinabaki shilingi 1,400. Kila mmoja anapata 700.

Tazameni vizuri. Jasho ni la saa 12 siku zote mbili. Tajiri amepata shilingi 4,000 siku zote mbili, foleni haikumgusa. Muuza mafuta naye amepata zake. Upungufu wote wa shilingi 2,600 umewaangukia watu wawili waliokaa kwenye joto.

Mkiijua hesabu hii mtaelewa pia kwa nini matatu inapanda kando ya lami, inakata mbele ya basi, inazidisha abiria na kukimbia kama ina wazimu njia inapofunguka. Magazeti husema ni tabia mbaya ya madereva. Tabia mbaya ipo, wala hatuifichi, na aliyeua mtu kwa haraka hatumtetei. Lakini mpango wa malipo unaomfanya mtu apate 700 akiwa mtulivu, na 1,500 akihatarisha roho za watu, ni mpango unaonunua ajali. Polisi wakikamata madereva 100 na kuuacha mpango ule, kesho watakuwako madereva 100 wengine.

Kenya walijaribu kuliondoa jambo hili kwa kanuni. Kanuni za matatu za mwaka 2003, ambazo watu walizipa jina la Waziri Michuki, zilitaka dereva na kondakta waajiriwe kazi ya kudumu. Mikanda na vidhibiti mwendo vilikaguliwa barabarani, lakini kazi ya hesabu ya kila siku haikufa. Somo lake ni kwamba polisi anaweza kuuona mkanda dirishani, lakini hawezi kuuona mshahara. Mshahara unalindwa na wafanyakazi wenyewe wakiwa na chama.

4. MFANYAKAZI WA HOTELI NAYE

Msidhani jambo hili ni la madereva peke yao. Hoteli nyingi za ufukweni zimejengwa mahali ambapo kodi ya nyumba haimfai mfagizi wala mhudumu wa meza. Kwa hiyo wafanyakazi wanakaa Mtwapa, Majengo, Kiembeni au ndani zaidi, na wanasafiri.

Mama anayeanza zamu ya asubuhi saa kumi na mbili anatoka nyumbani saa kumi usiku, si kwa sababu ni mbali, bali kwa sababu hajui njia itakuwaje. Akichelewa, anakatwa. Akiwahi mno, anakaa langoni bila malipo. Jioni anatoka zamu, na magari yaliyojaa yanampita kituoni. Mkataba wake unasema saa nane za kazi. Lakini kazi imemchukua saa kumi na mbili, na watoto wake wanazijua zile nne zilizobaki.

Huyu naye analipia foleni, kwa usingizi wake na kwa nauli inayopanda msimu wa wageni. Dereva na mama huyu mara nyingi wanatukanana juu ya nauli na chenji. Yafaa wajue kwamba ni foleni moja inayowala wote wawili.

5. JE, KUPANUA BARABARA KUNATOSHA?

Barabara ya pwani imewekwa katika mpango wa kupanuliwa. Mwezi Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zaidi ya dola milioni 380 kwa barabara ya pwani ya Kenya na Tanzania, kati ya Malindi na Bagamoyo, na sehemu ya Mtwapa hadi Kilifi imo. Sisi hatupingi barabara. Lami nzuri inaokoa maisha, na barabara ya njia mbili kila upande humwezesha dereva kumpita aliyesimama bila kuingia upande wa pili.

Lakini kupanua peke yake hakumalizi foleni. Barabara ikifunguka, mtu aliyekuwa akisafiri mapema anarudi kusafiri saa ya watu wote. Aliyekuwa akipanda matatu ananunua gari dogo. Mwenye shamba kando ya njia anauza viwanja, nyumba zinajengwa, na wakazi wapya wanaingia barabarani. Baada ya miaka michache nafasi imejaa.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Northern Bypass ya Kampala, kilomita 21 kutoka Bweyogerere mpaka Busega, ilifunguliwa mwaka 2009 ili ipunguze magari mjini. Ilijaa, na mwaka 2014 ilibidi kazi ya kuipanua ianze. Huko Houston, Marekani, barabara iitwayo Katy Freeway ilipanuliwa mpaka mwaka 2008 ikawa miongoni mwa barabara pana kabisa duniani. Hata hivyo, kati ya 2011 na 2014 muda wa safari za jioni uliongezeka tena kwa zaidi ya nusu. Kama upana peke yake ungekuwa dawa, wao wangepona.

Tena kila upanuzi una gharama yake kwa maskini. Vibanda vya kando ya njia ndivyo vinavyovunjwa kwanza. Na barabara pana bila kivuko ni hatari kwa mtoto wa shule na mama mwenye kapu kichwani.

Njia nyingine ni kuwapa nafasi watu badala ya magari. Dar es Salaam walianza mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, yenye njia yake peke yake kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Basi lenye watu zaidi ya 100 likipita bila kungoja gari dogo lenye mtu mmoja, hiyo ni haki. Lakini tuangalie pande zote. Mabasi yakiwa machache watu wanasukumana milangoni. Na daladala zikiondolewa njiani, madereva na makondakta wake waende wapi? Mpango mzuri wa usafiri usiozungumzwa na chama cha wafanyakazi huwafikia wafanyakazi ukiwa barua ya kuachishwa kazi.

6. SHERIA YA KIMATAIFA YASEMAJE?

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 1979 Mkataba Namba 153 juu ya saa za kazi na mapumziko ya madereva wa barabarani. Mambo yake makubwa ni haya:

(a) Dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika.
(b) Kuendesha kusizidi saa 9 kwa siku wala saa 48 kwa wiki, pamoja na ovataimu.
(c) Dereva apate angalau saa 10 mfululizo za kupumzika katika kila saa 24. Inaruhusiwa kupunguza kidogo, lakini zisipungue 8.
(d) Muda wa kungoja, ambapo dereva hayuko huru kufanya atakalo, unaweza kuhesabiwa kuwa saa za kazi, kwa kadiri nchi yenyewe itakavyoamua.

Sehemu ya (d) ikaririni. Mtu anaposema kwamba mwendeshaji aliyekaa foleni "alikuwa amekaa tu", muulizeni: Je, angeweza kuliacha gari aende nyumbani? Kama hangeweza, alikuwa kazini. Nchi zilizouridhia mkataba huu ni chache, na umewekwa hasa kwa madereva wa mshahara. Hata hivyo unatupa kipimo cha kwenda nacho mezani.

7. TUDAI NINI?

Kwanza, saa za foleni zihesabiwe. Penye mshahara, muda wa kungoja uwe muda wa kazi. Penye hesabu ya kila siku, hesabu ipungue siku mizunguko inapopungua. Tajiri anayegawana faida ya siku njema agawane na hasara ya siku mbaya.

Pili, vituo vya abiria viondolewe kwenye njia ya magari, vipewe nafasi, kivuli na choo, kabla ya kuongeza lami mahali pengine. Hii ndiyo dawa ya bei ndogo tuliyoiona katika hesabu ya magari 20.

Tatu, hoteli ziweke gari la wafanyakazi, au zamu za hoteli jirani zipishane kwa nusu saa. Kukatwa kwa kuchelewa kukomeshwe pale foleni inapojulikana na watu wote.

Nne, barabara mpya iwe na njia ya mabasi na matatu, na wenye kuendesha sasa wapewe nafasi ya kwanza katika kazi mpya.

Tano, wachuuzi wapewe mahali karibu na kituo, si kufukuzwa mbali na wateja.

Mtu atauliza: "Dereva wa taksi hana barua ya kazi, atadai vipi?" Hapa Uganda jibu lipo. Chama cha ATGWU kimevipokea ndani yake vyama vya watu wa bodaboda na taksi, ambao zamani waliambiwa hawawezi kuwa wanachama kwa sababu hawana mwajiri. Kenya nao wana vyama vya watu wa matatu, na KUDHEIHA kwa watu wa hoteli. Kinachokosekana mara nyingi ni vyama hivyo kuketi meza moja juu ya barabara moja.

8. KAZI YA KIKUNDI

Twendeni sasa kwenye barabara yetu wenyewe, Kampala hadi Entebbe. Nayo inafuata maji, maji ya ziwa. Ina hoteli, ina wageni wa uwanja wa ndege, ina miji midogo iliyokua kando yake. Mwaka 2018 ilifunguliwa barabara mpya ya kasi, na tangu Januari 2022 anayeipita analipa. Mwenye haraka na fedha anapita huko. Taksi ambayo abiria wake wanapanda na kushuka Najjanankumbi, Zana na Kajjansi inabaki barabara ya zamani. Jadilianeni:

1. Mzunguko wa taksi njia ya Entebbe unachukua muda gani asubuhi, na muda gani adhuhuri?
2. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 3 kwa shilingi zenu. Siku ya foleni, nani anapungukiwa, na nani hapungukiwi?
3. Ni mahali gani pamoja pakirekebishwa bila fedha nyingi, magari yatapita?
4. Je, abiria na kondakta wanaweza kupeleka dai moja? Liandikeni kwa maneno yasiyozidi mistari mitano.

Kazi ya nyumbani: kila dereva na kondakta awe na daftari. Kwa siku 7 aandike saa ya kuondoka, saa ya kufika, dakika alizosimama na kile kilichobaki mkononi jioni. Wafanyakazi wa hoteli waandike saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi. Msiandike kwa kukisia. Mwajiri anaweza kubishana na malalamiko yetu mwaka mzima, lakini madaftari 30 yanayosema jambo moja yatamfanya atoe kalamu naye ahesabu.

Yaleteni madaftari hayo kwenye mkutano ujao wa tawi. Tutayajumlisha pamoja, na jumla hiyo ndiyo itakayoandikwa juu ya barua yetu.

Umoja ni nguvu.